Usawa katika afya: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Utofauti, usawa, ujumuishi: si kitu kimoja?

Hapana. Utofauti ni vile tulivyo: jinsia, umri, rangi, lugha, ulemavu. Ujumuishi ni kusikilizwa, si kuhesabiwa tu. Usawa ndio unaochanganya, maana wengi hudhani ni kumpa kila mtu kitu kilekile. Mpe kila mgonjwa karatasi ileile ya maelekezo ya dawa, na asiyeona umempa karatasi tupu.

Lakini mwili ni mwili. Kipimo nacho kinabagua?

Kinaweza, bila mtu yeyote kukusudia. Chukua kile kifaa cha kupimia oksijeni kinachobanwa kidoleni. Hupitisha mwanga kwenye ngozi, kisha hukadiria oksijeni ya damu kwa mwanga uliopenya. Melanini, inayoipa ngozi weusi wake, nayo hunyonya mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kuwa kifaa hiki kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kioo kinaonyesha asilimia 92 hadi 96, kumbe oksijeni halisi ya damu iko chini ya 88. Hili linaniuma sana: mtu anatweta, mashine inasema yu salama, na anayeaminiwa ni mashine.

Dawa pia. Zolpidem, dawa ya usingizi, iliidhinishwa Marekani mwaka 1992. Ni mwaka 2013 tu ndipo dozi ya wanawake ilipopunguzwa kwa nusu, kwa kuwa miili yao huiondoa polepole na wengine waliendesha gari asubuhi ikiwa bado damuni.

Kazini je, kumrekebishia mtu mmoja utaratibu si upendeleo?

Anayetumia insulini akiomba dakika chache apime sukari na ale kwa wakati, hatafuti kazi nyepesi. Anataka asizirai katikati ya zamu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana kuwa ubaguzi.

Mimi mgonjwa nifanye nini?

Sema. Ukiishiwa pumzi huku kifaa kikionyesha uko sawa, omba oksijeni ipimwe kwenye damu yenyewe. Lugha ikikupiga chenga, omba mkalimani, na tafadhali asiwe mtoto wako. Mama hawezi kumweleza daktari habari za kutokwa damu ukeni kupitia kinywa cha mwanawe wa miaka kumi; atasema tumbo linauma, na atatibiwa tumbo.