Taa inayochapwa kama fulana: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuna taa bapa, nyembamba kama kadi ya benki, isiyo na balbu ndani. Ni taa ya elektroluminesensi: wino uliochapwa tabaka juu ya tabaka kwenye plastiki. Maneno juu yake ni mengi, na mengine yanawaunguzia watu vifaa.

"Ni ule unga wa saa za zamani, una mionzi."

Unga kweli ni wa ukoo mmoja: salfaidi ya zinki, iliyokuwa ikichanganywa na radiamu, elementi yenye mionzi, na kupakwa kwenye mishale ya saa. Ila kule radiamu ndiyo iliyouwasha. Hapa radiamu haimo, kinachouwasha ni umeme. Mfaransa Georges Destriau aliuona ukiwaka hivyo mwaka 1936, akiwa ameutia kwenye mafuta ya nyonyo. Na ingawa mafundi huuita fosfa, hauna fosforasi.

"Tabaka jeupe ndilo linalotoa mwanga."

Hili nalisikia hata kwa wachapaji, na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Plastiki ya mbele hupakwa oksidi ya indiamu na bati, inayopitisha umeme na mwanga pia. Juu yake huchapwa fosfa: chembe kidogo za shaba huipa kijani au kibuluu, manganizi huipa manjano ya kuelekea chungwa. Ndipo linafuata lile jeupe, titaneti ya bariamu. Hilo haliwaki hata kidogo. Kazi yake ni kuzuia umeme usipenye, kuelekeza nguvu ya umeme kwenye fosfa, na kurudisha mwanga mbele. Mwisho huja wino wa fedha au kaboni.

Skrini, yaani kitambaa cha matundu madogo kinachopitisha wino, ni ileile ya fulana, fremu ileile, na ule mpira wa kukokotea wino. Tofauti ni kwamba kwenye fulana kitundu kidogo kwenye wino hakionekani, lakini kitundu kama ncha ya sindano kwenye tabaka jeupe kinapitisha umeme moja kwa moja: unaona cheche, kisha doa jeusi. Ndiyo maana tabaka hilo huchapwa mara mbili, la kwanza likikauka kwanza.

"Iunge kwenye betri tu."

Haitawaka. Taa hii ni kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme kati ya sahani mbili. Umeme wa betri unaijaza mara moja na kutulia. Inataka AC, yaani umeme unaobadilisha mwelekeo, mara nyingi volti 100 hivi, inayogeuka mamia ya mara kwa sekunde. Saa za mkono za Timex Indiglo za mwaka 1992, zenye taa ya aina hii, zilitumia betri ndogo kama kifungo, lakini ndani mlikuwa na sakiti ya kupandisha volti. Usiziguse ncha za taa hii ikiwaka, zinapiga shoti.

Rangi nyeupe? Aghalabu ni fosfa ya kibuluu iliyofunikwa rangi ya waridi.

"Haina waya wa kuungua, basi haifi."

Inafifia polepole kadiri inavyowashwa, na adui yake mkubwa ni unyevu. Viwanda huvisha kila chembe ya fosfa ganda la oksidi ya alumini kwa sababu hiyo. Ukiikata kwa mkasi, kipande chenye miunganisho yake miwili kinaendelea kuwaka, jambo linalowafurahisha watu, wakasahau mkato. Usipozibwa, giza huanzia ukingoni na kusogea ndani. Kwa sisi wa pwani, ambako hata chumvi ya mezani hulowa, ziba kingo zote kabla ya kuunga waya.