Stoku ya Desemba ikikosewa, uwiano wote unapinda

Kwenye hesabu za mwaka za duka la rejareja, pango, mishahara, umeme na uchakavu wa majokofu ni kazi ya siku mbili. Muda wangu mwingi unakwenda kwenye stoku ya mwisho, yaani bidhaa zilizobaki mwaka unapofungwa, kwa sababu kila shilingi inayozidi pale inageuka faida hewa, na TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, watadai asilimia 30 yake.

Jioni ya tarehe 31 Desemba simamisha upokeaji wa mzigo, andika namba ya hati ya mwisho ya mapokezi, kisha watu wahesabu wawili wawili. Karatasi ya kuhesabia isiwe na idadi iliyomo kwenye kompyuta. Mtu aliyechoka saa tano usiku akiona 48, ataandika 48.

Stoku huthaminiwa kwa gharama, si kwa bei ya rafuni. Tumia ankara ya msambazaji. Ikikosekana, rudi nyuma kwa mpangilio: bei ya 23,600 ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 ndani, igawe kwa 1.18 upate 20,000, kisha toa faida ghafi (faida kabla ya matumizi ya duka) ya asilimia 20, inabaki 16,000. Wengi hukata asilimia 20 moja kwa moja kwenye 23,600 wakapata 18,880, na kila kipande kinakuwa kimezidishwa 2,880. Bidhaa itakayouzwa chini ya gharama ishushwe hadi kiasi itakacholeta. Iliyokwisha muda ni sifuri, hata kama imepangwa vizuri.

Kosa la gharama kubwa zaidi liko kwenye mpaka wa mwaka. Chukua mfano huu, kwa mamilioni ya shilingi bila VAT: mauzo 1,200, stoku ya mwanzo 140, manunuzi 996, stoku ya mwisho 176. Gharama ya mauzo (stoku ya mwanzo jumlisha manunuzi, toa stoku ya mwisho) ni 960, faida ghafi 240, yaani asilimia 20 ya mauzo. Inapendeza. Kumbe mzigo wa 20 ulishushwa tarehe 30 Desemba na ukahesabiwa stoo, ila ankara yake iliingizwa kwenye leja tarehe 4 Januari. Manunuzi ya kweli ni 1,016 na faida ghafi 220, asilimia 18.3. Ukiliacha hivyo, unalipa kodi ya milioni 6 isiyokuhusu mwaka huu, na mwakani faida inaporomoka, mwenye duka aanze kuwatuhumu vijana wa stoo wizi. Dawa yake ni kuchukua hati kumi za mwisho za mapokezi za Desemba na kumi za kwanza za Januari, ukazifuata moja moja hadi leja ya wadai, yaani wasambazaji unaodaiwa nao.

Mauzo nayo yalingane sehemu tatu: ripoti za Z (jumla ya mauzo ya siku) za mashine ya risiti ya EFD, ritani za VAT za miezi 12, na leja. Pesa za lipa namba, yaani malipo ya simu, ziandikwe kabla ya makato. Makato ni gharama, si punguzo la mauzo.

Hapo ndipo uwiano unapoanza kusema kweli. Stoku ya wastani ni 158, gharama ya mauzo 980, kwa hiyo mzigo unazunguka mara 6.2, sawa na siku 59. Usiishie kwenye wastani huo: sukari inayotoka kila wiki inaficha vyombo vya plastiki vilivyokaa miezi minane.

Mali za muda mfupi ni 220 na madeni ya muda mfupi 164, uwiano 1.34. (Kabla ya kurekebisha ungesoma 1.47, kwa kuwa madeni yangeonekana 150: deni la 20 halimo, na kodi imezidi 6.) Ukiondoa stoku unabaki na 0.27. Darasani wangeshtuka, lakini dukani mteja analipa papo hapo na msambazaji anasubiri. Anasubiri siku ngapi? Wadai ni 153.6, na kama bidhaa zote zinatozwa VAT, kodi hiyo imo ndani yake, wakati manunuzi hayana. Ukigawa 153.6 hivyo hivyo kwa manunuzi ya 1,016 na kuzidisha kwa siku 365, utapata siku 55 za uongo. Ukiitoa VAT kwanza, wadai ni 130.2, na siku ni 47.

Stoku siku 59, mkopo wa msambazaji siku 47. Pengo ni siku 12, na kwa gharama ya mauzo ya karibu milioni 2.7 kwa siku, hizo ni kama milioni 32 ambazo lazima zitoke mfukoni mwa mwenye duka au kwenye ovadrafti ya benki.