Maana ya uwekevu wa atomi katika kemia ya viwandani

Uwekevu wa atomi ni kipimo kinachoonyesha ni kiasi gani cha malighafi zilizoingia kwenye mmenyuko wa kikemikali huishia ndani ya bidhaa inayotakiwa, na kiasi gani hugeuka kuwa kitu kingine. Dhana hii ilielezwa mwaka 1991 na Barry Trost, mkemia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Kabla yake, wakemia walizoea kulinganisha bidhaa iliyopatikana na ile iliyotarajiwa, na hesabu hiyo huweza kufika asilimia 100 huku chumvi na asidi zisizotakiwa zikirundikana nje ya kiwanda.

Tuchukue ibuprofeni, dawa ya maumivu ambayo wengi wetu tunaiita Brufen. Njia ya awali ya kuitengeneza, iliyobuniwa na kampuni ya Boots ya Uingereza katika miaka ya 1960, ilikuwa na hatua sita. Ukijumlisha uzito wa molekuli za malighafi zake zote unapata takriban 514, ilhali molekuli ya ibuprofeni ina uzito wa 206, yaani asilimia 40 tu. Kwa kila kilo nne za dawa kulikuwa na kilo sita za mabaki, hata pale kila hatua ilipokwenda bila kasoro.

Njia mpya, iliyoanza kutumika mwaka 1992 katika kiwanda cha Bishop, Texas, ina hatua tatu. Jumla ya malighafi ni 266, na uwekevu umepanda hadi asilimia 77. Zile 60 zinazosalia ni asidi asetiki, ileile inayoipa siki ukali wake, nayo ikikusanywa na kutumiwa kipimo hufikia asilimia 99. Siri iko kwenye vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko: kloridi ya alumini, iliyohitajika kwa wingi na kuishia kuwa taka, imepisha floridi ya hidrojeni, ambayo hurudishwa mtamboni na kutumika tena, pamoja na nikeli na paladi.

Kwangu, ubora mkubwa wa kipimo hiki ni kwamba huhesabiwa kwa kalamu na karatasi kabla hata msingi wa kiwanda haujachimbwa. Hata hivyo, hakihesabu nishati wala viyeyushi, na hakitofautishi sumu na maji: floridi ya hidrojeni huunguza mwili vibaya na huweza kuua, jambo ambalo halionekani popote katika ile asilimia 99.