Programu ya kusimamia mradi ni kitu gani, na mkandarasi mdogo wa huku kusini achague ipi

Kaka mmoja ana kampuni yake ndogo ya ujenzi pale Lindi mjini, juzi kanipigia, dada nisaidie, nataka kununua programu ya kusimamia miradi, ipi nzuri? Nikamuuliza una saiti ngapi, akasema tatu, moja hapo hapo Lindi, moja Mtama, moja Nachingwea. Nikamuuliza nani atakuwa anaijaza hiyo programu, akakaa kimya kidogo halafu akasema si mimi mwenyewe usiku nikirudi nyumbani. Haya, ndo nimeona niandike, maana swali hili naulizwa sana na mimi nashika ofisi ya mkandarasi mdogo hapa Mtwara, daraja la saba kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani daraja la chini kabisa, kwa hiyo msitegemee habari za maghorofa hapa.

Programu ya kusimamia mradi ukiivua mapambo yote ni daftari la saiti, ila hili watu wengi wanaliandika kwa pamoja kila mtu na simu yake, na lenyewe linajua kujumlisha na kukumbusha. Basi. Halisimamii kitu, anayesimamia bado ni foromani na wewe bosi wake, na kama foromani haandiki sasa hivi kwenye daftari la shilingi mia tano hataandika kwenye la dola. Wengine pia wanaichanganya na NeST, ule mfumo wa serikali ulioanza 2023 badala ya TANePS, lakini NeST ni ya manunuzi na kuombea tenda, haitakwambia leo imetumika mifuko mingapi ya simenti.

Sasa ndani ya hilo daftari kuna mambo matatu, ratiba, pesa na kumbukumbu, na wauzaji wanayataja kwa pumzi moja kama vile ni kitu kimoja, wakati karibu kila programu ina jambo moja inaloliweza vizuri na mengine imebandikiwa tu ili ionekane kamili.

Ratiba ndo ile unayoionyeshwa kwanza, jedwali lenye mistari ya kulala, kila kazi na mstari wake, inaitwa chati ya Gantt, jina la injinia wa Marekani Henry Gantt aliyefariki 1919, kwa hiyo kitu chenyewe hata kompyuta hazijakuwepo kilikuwepo, ukiamua unachora kwenye manila na kalamu. Kompyuta inachoongeza ni utegemezi, yaani unaiambia kazi hii haianzi mpaka ile iishe, halafu ukisogeza moja zote zilizo nyuma yake zinasogea zenyewe. Plasta haianzi mpaka fundi umeme apitishe mabomba yake ukutani, fundi umeme haanzi mpaka kuta zisimame, lakini geti hata likichelewa wiki mbili nyumba haijali. Ule mnyororo mrefu wa kazi ambazo ikichelewa moja basi na siku ya kukabidhi imechelewa, wataalamu wanauita njia kritiko, na ukiweza kuujua huo tu kichwani umeshapata nusu ya faida ya programu bila kununua.

Mimi nilijifunza utegemezi kwa hasara. Mei 2024, si mnakumbuka mvua za kimbunga Hidaya zilivyokata barabara ya Dar maeneo ya Somanga, tulikuwa na nyumba Mikindani imefika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, simenti haina shida maana kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa Mtwara, ila nondo tulikuwa tumezilipia Dar na lori liko ng'ambo ya pili ya maji. Nikampigia fundi wa kupaua nikamwambia asije, nikajiona nimemaliza, kumbe nimemsahau wa plasta ambaye alishapangiwa tarehe, akashuka na vijana wake wanne kutoka Newala, mabegi mgongoni, wanaangalia kuta hazina hata lenta. Nauli ya kuja, nauli ya kurudi, chakula, na aibu. Ratiba yenye utegemezi ingenionyesha siku ile ile kwamba nondo zikisogea wiki mbili na plasta imesogea, na jina la fundi liko pembeni ya mstari.

Upande wa pesa sitakaa sana, ni kulinganisha BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa na vipimo vyake mliyokubaliana mwanzo, na kilichotumika kweli. BOQ imesema plasta mifuko 40, leo imetoka 38 na ukuta wa nyuma haujaguswa, hapo unajua kuna kitu, ama vipimo vilikosewa ama mifuko inatembea usiku. Lakini hiyo hesabu inakuja tu kama mtu wa stoo anaandika kila mfuko unapotoka, si Jumamosi jioni kwa kukumbuka kumbuka.

Kumbukumbu ndo watu wanaidharau na ndo inayotula sisi wadogo. Tulikuwa tunajenga ukuta wa uzio kwa mzee mmoja, mita 60, tumekubaliana kozi nane, yaani mistari nane ya tofali. Siku moja asubuhi mzee kaja na bakora yake, kasimama, kaangalia, akasema foromani huu ukuta mbona mfupi, mtu akisimama barabarani ananiona nimekaa barazani, ongezeni hata kozi mbili, tutaongea. Foromani wetu mtu wa heshima, akasema sawa mzee. Kozi mbili kwa mita 60 ni tofali kama 260, na simenti ya kujengea, na mchanga, na siku za mafundi. Siku ya hesabu nimepeleka bei mzee kashangaa kweli kweli, anasema mjukuu wangu mimi nilisema ukuta mfupi, sikusema mniongeze deni. Na ukimsikiliza hakuwa anadanganya, yeye kwake ile ilikuwa maongezi. Tukagawana hasara, kwa jina zuri, maana kwa kweli tuliibeba sisi.

Kitu kama kile kinaitwa veriesheni, badiliko la kazi baada ya makubaliano, na programu nzuri ya ujenzi ina sehemu yake maalumu, foromani anapiga picha, anaandika nani kasema na lini, ofisini tunaweka bei, inamfikia mteja, anakubali au anakataa, na kazi haianzi kabla ya hapo. Ukiwa huna programu, meseji ya WhatsApp, mzee kozi mbili ni shilingi kadhaa, ukikubali niandikie neno nimekubali, inafanya kazi ile ile. Sisi sasa hivi tunafanya hivyo, na huyo mzee alikuwa wa mwisho.

Basi tuje kwenye majina. Primavera P6 ya Oracle ni ya miradi mikubwa, mabarabara, bandari, mitambo ya gesi, inataka mtu aliyesomea kupanga ratiba, mkandarasi wa nyumba tatu ukiinunua ni kama kukodi kreni kuinua bati. Microsoft Project ipo tangu miaka ya 1980 na kwenye ratiba ni kali, ila ni ya mtu anayekaa na kompyuta, foromani wa Nachingwea haitamfikia. Ukitaka ladha ya chati ya Gantt bila kulipa zipo ProjectLibre na GanttProject, za bure, unaweka kwenye laptopu. Procore ni ya Marekani na ni ya ujenzi hasa, ina veriesheni, michoro, ripoti za kila siku, vyote, lakini bei yake inapangwa kufuatana na ukubwa wa kazi unazofanya kwa mwaka na imeshonwa kwa makampuni yaliyotuzidi mwili. Trello haikutengenezwa kwa ujenzi, ni ubao wa kadi tu, kadi ya lenta unaivuta kutoka bado kwenda inaendelea kwenda imeisha, lakini inaingia kwenye simu na ya bure ipo, na nimeona foromani akiielewa kwa dakika kumi. Halafu ipo Google Sheets, ambayo haiuzwi na mtu ndo maana hakuna anayekusifia.

Mimi kigezo changu cha kwanza sio bei wala sifa, ni simu ya foromani. Ichukue mkononi uiangalie. Kioo kimepasuka, nafasi imejaa video za ngoma na harusi, bando la siku analinunua mwenyewe, na saiti yenyewe iko nyuma ya mikorosho ambako mtandao unashika ukisimama juu ya rundo la kokoto. Programu ambayo bila mtandao haifunguki hiyo hapo imeshakufa, unataka inayokubali uandike sasa halafu itume yenyewe ukifika barabarani. Hata Google Sheets inaweza, ila mpaka uwe umewasha mapema ile sehemu ya kutumia bila mtandao. Na bando mlipie, jamani, huwezi kumpa mtu kazi ya ofisi kwa vocha yake.

Lugha nayo. Nyingi ni Kiingereza tu, lakini majina ya kazi ndani unaandika wewe, kwa hiyo andika kama wanavyoongea saiti, kusuka nondo, kupiga fomu, kumwaga zege, kumwagilia, usiandike maneno ya BOQ ambayo foromani akiyaona anafunga simu. Na hiyo kumwagilia iwe kazi yake yenyewe yenye siku zake, angalau saba, maana ukiiacha bila mstari kila mtu anajua ni kazi ya mwenzake na zege linakauka vibaya huku mnaliangalia.

Kalenda pia uirekebishe kabla hujaanza, nyingi zinakuja zimefungwa Jumatatu mpaka Ijumaa, wakati sisi Jumamosi tunapiga kazi na Ijumaa mchana watu wanaenda msikitini. Na Oktoba ikifika programu haijui korosho ni nini. Vibarua nusu wanarudi Tandahimba na Masasi kuokota, hilo ni pengo kwenye ratiba, lakini minada ikishaanza kulipa wateja ndo wanakumbuka ile nyumba iliyosimama kwenye msingi tangu mwaka juzi, wote kwa wakati mmoja, wote wanataka kupaua kabla mvua hazijachanganya. Uweke mwenyewe.

Bei zenyewe nyingi ni kwa mwezi, kwa kichwa, kwa dola, na zinakatwa kwenye kadi ya benki usipoangalia. Piga hesabu kwa watu wote watakaoingia, si wewe peke yako, halafu uliza siku nikiacha kulipa natokaje na taarifa zangu. Kama haziwezi kushuka kwenye faili la Excel usiweke humo kumbukumbu za mteja ambaye bado anashikilia ritensheni yako, ile sehemu ya malipo anayoibakiza mpaka aone kazi haina kasoro, maana hizo picha utazihitaji baada ya miezi kibao.

Yule kaka wa Lindi alikuwa ameshakaribia kulipia mwaka mzima kwa ofa. Nikamwambia chukua saiti moja tu, ya Mtama, fungua jedwali la Google Sheets lenye kazi, fundi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na kilichotumika, jaza mwezi mmoja na foromani wako, ukiona jedwali linawabana ndo utajua linawabana wapi, na hapo ndo ununue kinacholegeza palipobana. Akaniuliza sasa wa Nachingwea je, yule ana kiswaswadu. Nikamwambia huyo akupigie kila siku saa kumi na moja jioni kabla hajanawa mikono, wewe uandike.