Kumshika mkono anayeacha kamari bila kumlipia madeni

Karibu kila familia ninayoipokea katika kazi yangu ya unasihi huuliza kama iuze kitu imlipie ndugu yao madeni yote, ili aanze upya. Huwajibu kwamba wasifanye hivyo, na najua jibu hilo linawauma, kwa kuwa wanaouliza ni watu wanaompenda. Mraibu anayelipiwa kwa mkupuo hupata nafuu inayofanana mno na ile ya kushinda: mzigo umeondoka ghafla, jasho halikumtoka, na amejifunza kwamba hata akiliwa kiasi gani, fedha zitapatikana. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao tangu toleo la 2013 unauweka uraibu wa kamari pamoja na ule wa pombe na dawa za kulevya, unataja kutegemea wengine wakuokoe kifedha kuwa mojawapo ya dalili 9 za ugonjwa wenyewe.

Kinachofaa zaidi ni karatasi, kalamu na subira. Nakumbuka mume mmoja aliyeorodhesha wadai sita kwa mwandiko safi, kisha akakaa kimya muda mrefu, kalamu mkononi, kabla ya kumwandika wa saba: kaka wa mkewe, na mke mwenyewe alikuwa ameketi kando yake. Deni linalotajwa mwisho ndilo lenye aibu kubwa, kwa hiyo msiifunge orodha mapema wala msimkaripie anapoongeza jina.

Baada ya hapo, mshahara upitie kwa mtu anayemwamini, kwa makubaliano yaliyotamkwa na yenye muda maalumu, maana fedha zikichukuliwa kwa nguvu atatafuta za kukopa. Akaunti za kubeti zifungwe kwa kuomba mwenyewe azuiwe, na programu zake zifutwe kwenye simu. Tarajieni wiki kadhaa za hasira za haraka na usingizi wa mang'amung'amu. Huo si ukaidi.

Jambo moja naliomba kwa dhati: muulizeni waziwazi kama amewaza kujiua. Aibu na deni vikikutana hatari hiyo huwa ya kweli, na kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa ruhusa ya kulisema. Akikiri, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Akiteleza akacheza tena, ulizeni kwanza fedha alizipata wapi na alikuwa katika hali gani saa ile, kwani majibu hayo mawili huonyesha upenyo uliobaki wazi, ilhali lawama humfundisha kuficha vizuri zaidi.

Yule mume alimlipa shemeji yake mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miezi 14, na kila mwisho wa mwezi mkewe aliketi naye wakizihesabu noti pamoja kabla hajazipeleka.