Solo ya bluzi haitoki njia panda

Hapa Tanga mtu akicharaza gitaa vizuri kupita kiasi, hukosi kusikia: "Huyo si bure, ana jini lake." Wamarekani nao wana ya kwao. Robert Johnson wa Mississippi, mpiga gitaa wa bluzi (muziki wa Wamarekani weusi), wanasema, alimuuzia shetani roho yake usiku wa manane kwenye njia panda, akapewa vidole. Ukweli hauna jini. Alitokomea kwa muda, akajifunza kwa mpiga gitaa aliyeitwa Ike Zimmerman, akarudi wenzake wakapigwa na butwaa. Nyimbo 29 alizorekodi Texas mwaka 1936 na 1937 ni jasho la mazoezi.

Lakini linalowapoteza vijana wengi zaidi ni kasi. Mtu anakariri skeli ya noti tano, A, C, D, E, G, anaipanda na kuishuka mbio kama ngazi za ghorofa, basi keshajiita mpiga solo. Hebu tazama bluzi ilivyopangwa. Duru moja ina vipimo 12, kila kimoja mapigo manne, na kodi tatu (yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za TRA). Ukipiga katika A, unakaa A vipimo vinne, D viwili, A viwili, kisha E kimoja, D kimoja, unamalizia A viwili. Kila mstari una vipimo vinne: mwimbaji anauimba kwa takriban viwili, ananyamaza, na gitaa linamjibu katika viwili vilivyobaki. Anaurudia mstari, gitaa linajibu tena. Wa tatu ndio unaofunga hoja. Aliyekulia kwenye ngoma anayajua haya: mmoja anaghani, wengine wanaitikia. Wazee waliocheza dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz hapa mjini hawahitaji kuelezwa. Basi imba kifungu kwa mdomo, kipige, kisha nyamaza. Kisichoimbika kiache. B.B. King mwenyewe, gwiji wa gitaa la bluzi, alikiri kwamba kodi zilimshinda, ila noti yake moja ikitetemeka, unamjua ni yeye.

Kuvuta uzi nako wanadhani ni ubabe. Ni sikio. Bonyeza uzi wa tatu kutoka chini, freti ya 7 (freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni mwa gitaa), hiyo ni D. Uvute mpaka ulingane na uzi wa pili freti ya 5, yaani E. Kidole cha pete kisukume, viwili vya nyuma yake vikisaidia. Ukiishia njiani, unalia kama mbuzi.

Wengine husema: "Skeli moja inatosha duru nzima." Nusu kweli. Haitakuaibisha, ila kodi ikihamia D, jaribu kutua F# (F iliyopandishwa freti moja), noti iliyomo ndani ya kodi hiyo. Ikifika E, tua G# vivyo hivyo. Msikilizaji hajui jina la noti hiyo, lakini anahisi umefika nyumbani.

Na gitaa la bei mbaya? La nini! Nunua nyuzi nyembamba, uzifute kwa kitambaa kila ukimaliza, maana chumvi ya pwani yetu inazila upesi.