Noa ni jina la kike, na sio Nuhu

Mzazi akitaka kumwita bintiye Noa haikosi mtu wa kumwambia hilo ni la kiume, ni lile la mzee wa safina. Nafundisha Kiebrania na hili swali naulizwa sana, jibu ni kwamba Noa ni jina la kike kabisa na lipo kwenye Biblia yako, ila limekaa Hesabu, kwenye zile orodha za koo ambazo wengi tunaziruka.

Mkanganyiko umetoka kwenye Kiingereza, Biblia zao nyingi zinaandika Noah kwa wote wawili. Kiebrania hakiwachanganyi. La mzee linaishia na herufi heti, ile H ya kooni, na ndo maana sisi tunasema Nuhu, tumelipata kwa Waarabu na wao H hiyo wanayo. Hilo linahusishwa na kutulia, kupumzika. La binti lina herufi ayini, na shina lake ni kutikisika, kusogea, yaani karibu kinyume chake.

Hilo shina liko kwenye Isaya 7:2, miti ya msituni ikitikiswa na upepo. Liko pia 1 Samweli 1:13 na hapa ndo napapenda zaidi, Hana anaomba, sauti haitoki, midomo tu inacheza mpaka kuhani Eli anadhani amelewa, sasa huko kucheza kwa midomo kwa Kiebrania ni shina hilohilo la Noa. Na Israeli ya leo sinema inaitwa kolnoa, sauti na mwendo.

Haya, Noa mwenyewe ni nani? Ni mmoja wa mabinti watano wa Selofehadi wa kabila la Manase, pamoja na Mala, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifia jangwani hakuacha mtoto wa kiume, na ardhi ilikuwa inaenda kugawiwa kwa wanaume. Hesabu 27 wanaenda mlangoni pa hema ya kukutania, wanasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wanauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwenye ukoo wake eti kwa kuwa hana mwana, tupeni milki na sisi. Musa hakujibu, akalipeleka kwa Mungu, na jibu likaja kwamba mabinti wana haki, wapewe, tena ikawa sheria kwa wote. Sura ya 36 wazee wa ukoo walirudi na masharti, waolewe ndani ya kabila lao ili ardhi isihame, wakaolewa na watoto wa baba zao wadogo na wakubwa. Ila ardhi walipata, soma Yoshua 17.

Sasa mwaka 1910 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa Samaria, kwenye eneo la jumba la kifalme, wakapata vigae vya vyungu vimeandikwa kwa wino, vya karne ya 8 kabla ya Kristo. Ni risiti za mali tu, mwaka fulani, kutoka sehemu fulani, kwa fulani, mtungi wa divai ya zamani au mafuta mazuri. Na kati ya majina ya sehemu zilizotoa hiyo mali yapo Noa na Hogla! Walienda kudai jina la baba lisipotee, na karne nyingi baadaye makarani wa mfalme wanaandika maeneo kwa majina ya mabinti. Selofehadi kwenye vile vigae hayumo.

Kwa hiyo mpeni mtoto jina bila wasiwasi, halihusiani na kunoa kisu pia. Mkazo unakaa kwenye NO, Waisraeli wanalitamka hivyohivyo kama sisi. Kwenye cheti cha kuzaliwa andikeni Noa, bila H mwishoni, mkiiweka tu mtaanza kuulizwa tena habari za safina.